Penseli au kompyuta: ulinganisho kwa anayesoma, anayefanya na anayelipia ubunifu wa ndani

Sentimita mbili ndizo zilizonifanya niandike haya. Jiko la nyumba moja Mbezi, Dar es Salaam, makabati ya chini, na mimi nimeandika kina cha milimita 620 badala ya 600, kwa kuwa sinki alilolichagua mama mwenye nyumba lilikaa vizuri zaidi hivyo kwenye kioo cha kompyuta. Nikatuma michoro kwa WhatsApp kwa fundi wangu wa Keko. Haikupita saa, simu ikaita.

"Bosi, hii sitini na mbili umeitoa wapi?"

"Kwani ina shida gani?"

"Haina shida kama mama ana hela za kuchezea. Shiti inanipa sitini mara mbili. Sitini na mbili inanipa moja tu."

Shiti ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au plaiwudi tunayouziwa ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440. Ukiipasua kwa upana wa 600 unapata mikanda miwili, msumeno unakula milimita tatu au nne, na kinachobaki ni ukanda mwembamba wa kutupa. Ukitaka 620 unapata mmoja, na unaobaki una 596 hivi: kwa rafu za juu unafaa, kwa kabati la chini haufai. Fundi alilijua hilo bila kalamu wala karatasi. Mimi mwenye shahada na laptopu ya milioni tatu nililijua zamani, nilipokuwa nachora kwa mkono, kisha nikalisahau, maana kompyuta hainidai chochote ninapoandika 620. Kwenye kibodi, 600 na 620 zina bei moja.

Kila msimu wa fildi wanafunzi wawili watatu huja kukaa ofisini kwangu, na swali la kwanza huwa lile lile: bado kuna haja ya kujifunza kuchora kwa mkono, au mtu aende moja kwa moja kwenye programu? Wenye nyumba nao wana lao: nimpe kazi yule mwenye picha zinazong'aa, au yule aliyekuja na daftari na futi? Linaulizwa kana kwamba ni Simba na Yanga, chagua upande wako ukae huko mpaka ufe. Mimi huwa naanza kwa kuuliza nani atausoma mchoro huo. Kuna mchoro wa kujichorea mwenyewe ili ufikiri, kuna wa mteja, kuna wa fundi, kuna wa mashine, na kuna wa mwalimu. Hawa hawatafuti kitu kimoja kwenye karatasi.

Pande mbili, na wa tatu anayesahaulika

Upande wa mkono unajulikana: ubao wa kuchorea, rula ya T, pembetatu mbili (ya digrii 45, na ya 30 na 60), rula ya skeli, kalamu za wino za ncha tofauti, na karatasi ya A1, milimita 594 kwa 841, ambayo haitaki jasho la kiganja. Upande wa kompyuta una historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Mwaka 1963 pale chuo cha MIT, Marekani, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, programu ya kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. AutoCAD ikatoka 1982, SketchUp na Revit zikaja 2000, na juu yake zikapanda programu za kurenda, yaani kutoa picha inayofanana na ya kamera, kama V-Ray, Lumion na Enscape.

Ila kwetu pwani yupo wa tatu. Tukisema "njia ya asili" tunafikiria penseli, kumbe rula ya T nayo ni mgeni. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Nyumba za mawe zilizoipa miji hiyo sifa ni kazi ya mafundi waliobeba ramani kichwani. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko unaoweza kubeba dari ya mawe na chokaa bila kupinda una urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba. Vipimo vilikaa mwilini: wanda wa upana wa kidole, shibiri ya kiganja kilichotandazwa, dhiraa ya kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, pima ya mikono miwili iliyonyooshwa. Ukiingia nyumba ya Lamu unapita daka (kibaraza cha mlangoni), unafika kiwanda (ua wa ndani), unapanda msana (ukumbi unaotazama ua huo), ndipo unafika ndani kwenye zidaka za ukutani, na kila hatua faragha inaongezeka. Ubunifu wa ndani huo, tena wa kiwango cha juu. Ulifundishwa kwa kushika kazi chini ya fundi mwingine.

Namtaja huyu wa tatu kwa sababu fundi wa Keko ni mjukuu wake wa kikazi. Anaanza na ubao, sisi tunaanza na mchoro.

Kupima chumba

Hapa sizunguki: kipimo cha leza kinaishinda futi. Cha bei ya kawaida hukosea milimita mbili au tatu tu, na unapima peke yako bila kijana wa kukushikia ncha ya pili. Simu zenye kihisi cha LiDAR, kinachopima umbali kwa mwanga, kama iPhone za Pro tangu 2020, zinakupa sura ya chumba kizima kwa dakika chache. Sura tu. Kukosea sentimita moja mbili ni kawaida yake, na kabati la ukuta kwa ukuta halijengwi hivyo.

Tatizo ni kile ambacho kompyuta haikuulizi. Inapenda pembe za digrii 90. Unaiambia chumba ni 3,400 kwa 2,800, inakupa mstatili safi, unaridhika, hujapima mshazari hata mmoja. Kuta zetu za tofali na plasta hazina adabu hiyo. Mafundi wana njia yao ya tatu-nne-tano: weka alama sentimita 60 kwenye ukuta mmoja, 80 kwenye ukuta wa pili, kisha pima kati ya alama hizo, lazima usome 100 kamili. Ukisoma 98 kona imebana, ukisoma 102 imefunguka. Ni dakika moja kwa kila kona. Dakika hizo niliziruka mara moja kwenye kabati la nguo lililotengenezwa zima karakana, na tukatumia mchana mzima kukwangua plasta ya mtu.

Mchoro wa mkono wa saiti huwa mchafu: mshale wa swichi, "bomba linavuja hapa", "mlango unafungukia huku", "jirani anachungulia dirisha hili". Uchafu huo ndio taarifa yenyewe, na sijaona programu inayouomba. Kwa hiyo: namba kwa leza, mengine kwa daftari.

Kufikiri

Programu inaanza kukuhoji mapema mno. Unene wa ukuta? Urefu wa dari? Mlango aina gani? Nawe bado hata hujui kama panahitaji ukuta. Penseli inakubali usijue. Naweza kuchora duara nikaandika "kula", mshale mnene wa anayeingia na mizigo ya sokoni, mshale mwembamba wa mtoto anayetoka shule akitafuta maji, na baada ya robo saa nina mawazo saba, sita ya kutupa. Kwenye kompyuta robo saa hiyo ingenipa moja, na kwa kuwa lingekuwa limepangika vizuri ningeona huruma kulitupa.

Jambo hili halikuanza na sisi. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, alipobuni jiko la Frankfurt mwaka 1926 alijifunza kwanza mwendo wa mpishi na muda wake, ndipo akapanga makabati, na akafanikiwa kuingiza jiko kamili kwenye chumba kisichofika mita mbili kwa upana. Lakini mpishi wake alikuwa mmoja na chakula chake ni cha familia ndogo. Jiko la Dar lina mama na dada wakipishana, lina mtungi wa gesi wa kilo 15 unaohitaji pa kusimama, lina ndoo za akiba siku maji yakikatika, na mara nyingi lina mwenzake uani, la mkaa, kwa ajili ya maharage na pilau ya sikukuu. Vitu hivi havimo kwenye maktaba za samani za programu. Mkono unavichora kwa sababu mkono unachora ulichokiona.

Kompyuta inanishinda kwenye kimo. Mtu anayefikiri kwa ramani tu hufikiri kwa sakafu tu. Nimewahi kuchora kabati la nguo zuri kabisa, milango ya hadi juu, na ni SketchUp iliyonionyesha kwamba mlango ukifunguka unagonga kiyoyozi. Kwa ngazi, kwa dari za jipsam zenye vina tofauti, kwa chumba chenye mihimili, usijivunie penseli. Ingiza umbo kwenye kompyuta ulizunguke.

Kumwonyesha mteja

Hapa nitakaa, maana ndipo ugomvi unapozaliwa.

Renda inauza. Mteja akiona sebule yake ikiwa na zulia, pazia na mwanga wa jioni, mkono unaenda wenyewe kwenye malipo ya awali. Hakuna mchoro wa penseli utakaofanya hivyo kwa mtu asiyezoea kusoma ramani, na wengi hawajazoea. Si kosa lao.

Ila picha hiyo ina uongo wa aina tatu, na mara nyingi aliyeitengeneza hajui kama anadanganya.

Wa kwanza ni taa. Kwenye renda karibu kila mtu anaweka mwanga wa joto, wa manjano, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Kisha mteja anakwenda Kariakoo, anauziwa balbu nyeupe za 6500 kwa kuwa ndizo "zinazowaka sana", na ukuta uliokuwa rangi ya mchanga kwenye picha unageuka kuwa wa wodi ya hospitali. Anakupigia: "Mbona rangi siyo ile?" Rangi ni ile ile. Siku hizi napaka kipande cha nusu mita kwa nusu mita ukutani kwake, namwomba akiangalie asubuhi, saa kumi jioni, na usiku chini ya taa atakazonunua. Njia ya kizamani kabisa, na imenipunguzia simu.

Wa pili ni jua. SketchUp ilizaliwa Boulder, Colorado, na masomo mengi tunayoyaangalia yanatoka nchi ambazo jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana linasimama upande wa kaskazini, digrii 60 hivi juu ya upeo. Desemba linahamia kusini, digrii 73 hivi. Usipoiambia programu uko wapi, kivuli unachomwonyesha mteja ni cha watu wengine, na dirisha la kaskazini ulilosema halihitaji pazia zito litamchoma mtu machoni akiwa mezani. Kwa haki, kompyuta ukiipa mahali na saa inafanya kazi hii kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Shida ni uvivu wetu wa kuipa.

Wa tatu ni kitanda. Vitanda vyetu ni vya futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Kile cha 5 kwa 6 kina urefu wa milimita 1829. Kitanda cha "queen" unachokipakua kutoka maktaba ya Marekani kina kama 2030. Ni sentimita 20 za njia ya kupita miguuni, zimeyeyuka au zimeongezeka kutegemea umekosea upande gani. Na chandarua? Sijawahi kuona renda yenye chandarua. Tunachora vyumba vya watu wasioumwa na mbu.

Penseli ina faida nyingine kwa mteja: anaona bado kunabadilika. Mpe mchoro wa mkono, atachukua kalamu na kukuonyesha anapotaka meza. Mpe renda, ataamini mambo yameshaamuliwa, basi atajadili kilichobaki. Niliwahi kupoteza nusu saa ya kikao juu ya sanamu ya twiga niliyoiweka kwenye kona ili tu kona isiwe tupu.

Tangu 2022 kuna na picha za akili bandia. Wateja wanakuja nazo kwenye simu, nyingine nzuri ajabu, ngazi ikiishia ukutani na droo zikiwa hazina pa kufungukia. Mimi nazipokea kama nilivyokuwa napokea kurasa zilizochanwa kwenye magazeti ya urembo wa nyumba: zinaniambia anapenda nini. Kipimo hazina.

Na ikiwa jambo ni nafasi, siyo sura, acha vyote viwili uchukue chaki. Kwa lile jiko la Mbezi mama alitaka kisiwa katikati, yaani kabati la kufanyia kazi linalosimama peke yake. Kwenye ramani nilimwachia njia ya milimita 900, ikaonekana tele. Kwenye renda ikaonekana uwanja. Tukaenda saiti, nikachora kisiwa sakafuni kwa chaki, kipimo halisi, nikamwomba ashike sufuria kubwa tupu na apite. Akapita. Nikamwita dada naye apite kutoka upande wa pili. Wakasimama wakitazamana.

"Hapa mmoja lazima arudi nyuma," akasema mama. "Na mwenye sufuria ya moto hawezi kurudi nyuma."

Tukapunguza kisiwa mpaka njia ikafika 1,100. Chaki iligharimu shilingi mia chache.

Kwa fundi na kwa mashine

Likifika suala la kukata, kompyuta inashinda na sioni sababu ya kuipunguzia. Ukibadilisha upana wa kabati moja, orodha ya vipande inabadilika nayo. Programu za kupanga mikato zinakuambia shiti ngapi zitatumika na kila kipande kikatwe wapi, na zinahesabu hata kile msumeno unachokula. Laiti ningeiingiza ile 620 kwenye moja ya hizo kabla ya kutuma, ingenipigia kelele mapema kuliko fundi. Zamani badiliko dogo la mteja lilimaanisha kukwangua wino kwa wembe kwenye karatasi angavu, na ukikwangua mara tatu sehemu moja, karatasi inatoboka na unaanza upya usiku huo.

Mashine ya CNC, ile inayokata ikiongozwa na kompyuta, ndiyo haisomi kabisa mchoro wa mkono, inataka faili. Hapo chaguo limeshafanywa. Linganisha tu matokeo kwa jicho lako kwenye mlango wa nakshi. Kijembe cha kawaida cha mashine ni duara kinachozunguka, kwa hiyo kona ya ndani ya ua inabaki na kamviringo ka ukubwa wa kijembe hicho. Patasi ya mchongaji inaingia hadi kwenye kona na kuiacha kali. Kuna vijembe vya ncha ya V vinavyokaribia, lakini mtu aliyezoea milango ya Zanzibar anaigundua tofauti kwa kupitisha kidole. Kwa milango ishirini ya hoteli inayofanana, mashine. Kwa mlango mmoja wa mbele utakaoachiwa wajukuu, tafuta mchongaji, na usimharakishe.

Jambo moja dogo: fundi hafungui faili la DWG, lile la AutoCAD. Anafungua picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, juani. Chapisha A3, namba kubwa, kabati moja kwa ukurasa. Na akichora marekebisho yake kwenye plasta kwa penseli ya seremala, yapige picha kabla fundi rangi hajafika. Mara nyingi hayo ndiyo ya kweli.

Darasani

Tanzania ubunifu wa ndani unasomewa shahada, pale Chuo Kikuu Ardhi kwa mfano, na useremala unafundishwa kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Ninachokiona kwa wanaokuja fildi kutoka huku na huku ni kwamba kompyuta wameishika vizuri kuliko mimi, na vipimo wengi wao hawana mwilini.

Mmoja, kijana mwenye kipaji kweli, alinionyesha baa aliyoibuni. Viti vilikuwa na urefu wa mita saba na nusu. Alikuwa ameandika 750 akidhani yuko kwenye milimita, programu ilikuwa kwenye sentimita, na hakuona kwa sababu kila kiti alikichora peke yake akiwa amekivuta karibu. Kioo hakina skeli. Milimita tatu na mita tatu zinajaa kioo sawasawa. Kwenye karatasi ya skeli ya 1:50, ambapo sentimita moja ni nusu mita ya chumba, kosa hilo haliwezekani, kiti kingetoka nje ya chumba mbele ya macho yako. Karatasi pia inakufundisha kuacha: kwa 1:50 swichi ni nukta, basi unajifunza kipi kinastahili mstari na kipi kingoje mchoro wa 1:20.

Wakubwa wenzangu nao wanatia chumvi. Wanasema mkono unafundisha uvumilivu. Kuchora vigae mia nne kimoja kimoja hakukunifundisha kitu ila maumivu ya mgongo. Wanasema asiyejua kuchora si mbunifu. Nimesoma na watu waliokuwa na mawazo mazuri na mistari mibaya, wakapewa alama za mistari. Kompyuta imewapa watu kama hao sauti. Imewapa na walio mbali: kijana wa Mwanza au Goma asiye na chuo cha fani hii jirani anaweza kujifunza kwa video na mwanafunzi wa jijini akashangaa. Upande wa pili, imeleta tofauti nyingine, ya mwenye laptopu inayorenda na mwenye ile inayoganda saa nane usiku kabla ya kuwasilisha, umeme nao ukiwa wa kubahatisha.

Zoezi langu la siku ya kwanza halijabadilika. Nampa mwanafunzi futi na daftari, namwambia apime choo cha ofisi na kukichora kwa 1:20 kabla ya chakula cha mchana, kompyuta imefungwa. Mchana akiingize kwenye programu. Kesho yake namwonyesha vipimo vyangu. Karibu wote wamesahau kuandika mlango unafungukia wapi, na karibu wote wamekosea kimo cha sinki, kwa sababu hawakulipima. Walikumbuka lile la maktaba.

Hela

AutoCAD kamili ni kama dola 2,000 kwa mwaka, na tangu 2016 Autodesk haiuzi tena leseni mpya za kudumu, kwa hiyo unapanga kama nyumba. Wanafunzi wanaokidhi masharti wanapewa bure. SketchUp ina toleo la bure la kwenye kivinjari, ila ni la matumizi binafsi, siyo ya biashara. Blender, FreeCAD, LibreCAD na Sweet Home 3D ni za bure kabisa. Za wizi nazijua, sote tunazijua, na faili langu moja la hoteli lilikufa na virusi vyake. Vifaa vya mkono ni vya kununua mara moja.

Basi uchague nini

Kama uko mwaka wa kwanza: mkono kwa muhula mmoja au miwili, ila bila wino. Penseli, rula ya skeli, maketi (mifano midogo) za boksi, na wiki chache karakana ya useremala ukishika shiti yenyewe. Halafu programu moja ya michoro na moja ya umbo. Kurenda kuje mwisho, kwa sababu kukija mwanzo kunakula muda wa yote mengine.

Kama wewe ni fundi tayari, una vipimo mwilini na unataka kupanda: usihangaike na kurenda. Programu moja ya bure kabisa ya umbo, kama FreeCAD, na programu ya kupanga mikato zitakulipa ndani ya kazi mbili tatu. Mchoro wako hauhitaji uzuri, unahitaji mteja asikuambie baadaye kwamba hamkukubaliana hivyo.

Kama una miaka mingi kwenye ubao na kompyuta inakutisha, ajiri kijana, mkae meza moja. Wewe umkatalie viti vya mita saba na nusu, yeye akukatalie mlango unaogonga kiyoyozi.

Na kama wewe ndiye unayelipa, furahia renda, kisha omba vitu vinne kabla ya kutoa hela: ramani yenye vipimo ambavyo umeona akivichukua nyumbani kwako, aina ya taa ikiwa imeandikwa kwa kelvini, kipande cha rangi ukutani, na orodha ya shiti. Hiyo ya mwisho wengi hawaiombi. Mama wa Mbezi aliiomba, kwa sababu mumewe alikuwa mhasibu. Makabati yalirudi 600, sinki tukalisogeza kidogo mbele, na orodha ikasoma shiti tisa.

"Na zile sentimita mbili?" aliniuliza, akiwa ameshapata habari yote kutoka kwa fundi.

Nikamwambia ziko Keko.